Mpini wa Vidole Vitatu

Mtaani wanamwita Mama Mipini, ingawa kibao cha mlangoni kwake bado kinasema anashona viatu. Viatu anashona kweli, tena vizuri, lakini jina alilipata kwa visu vya kukunja, vile vinavyotoka dukani na mipini ya plastiki inayoteleza. Ukimpelekea chako, atakupa kipande cha sabuni kilicholainishwa kwa maji ya moto na kukuamuru ukikamate kwa nguvu. Alama za vidole vyako zikishabaki, ndipo anaposhika tupa na kuufuata mkono wako: hapa anapunguza, pale anabandika ngozi, kule anakwaruza ili jasho lisikushinde. Ule mfereji ambamo bapa hulala haugusi kamwe. Kisu kisichokunjika, husema, kirudishwe jikoni.

Siku moja alikuja shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye kazi yake ni kubebesha miche kitaluni: anachana shina la mche mmoja, anachomeka kikonyo cha mwingine, anafunga. Miezi michache nyuma lango la chuma lilikuwa limembana mkono. Ngozi ilipona, ila kidole gumba na cha shahada vilibaki kama vya kuazima. Alikuwa ameshajikata mara mbili, na msimamizi alikuwa amemwambia wazi kwamba Jumatatu atasimama pembeni yake. Kisu kikimponyoka tena, atahamishiwa kumwagilia.

"Shemeji, nitengenezee cha kazi. Mapambo sitaki."

"Mapambo ya nini kwa mtu mwenye sura hiyo? Kamata sabuni."

Akaikamata kama watu wote, gumba mbele, meno yamekazana. Mama Mipini alichonga siku nzima, akatoa mpini uliomkaa kiganjani kama kiatu cha kupimiwa.

"Mzuri mno, shemeji. Mzuri kupita kiasi!"

Hapo ndipo Mama Mipini aliposhtuka. Mtu huyu hata chakula cha mama yake mzazi hajawahi kukisifu.

Kesho yake alijitia anapeleka buti la mfanyakazi mmoja, akaingia kitaluni. Akamkuta shemeji yake nyuma ya safu ya mwisho, amejitenga. Kisu alikuwa amekibana kwa vidole vitatu vya nyuma, gumba linaning'inia, na mpini ule mzuri ulikuwa umeviringishiwa kitambaa. Alipomwona, aliuficha mkono mgongoni kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Tangu lini unashika hivyo?"

"Tangu lile lango." Akainamia miche. "Niliona haya, shemeji. Ningeshika hivi mbele yako, ungemwambia kaka kwamba nimekuwa kilema."

"Nimwambie kaka yako, yule anayeshika kijiko kama jembe?"

Shemeji alicheka bila kupenda. Mama Mipini akatoa kipande cha sabuni kwenye mkoba.

"Shika sasa. Shika vibaya kabisa, kama huna adabu."

Aliondoka na kisu, na nyumbani aliung'oa mpini wa kwanza bila huruma. Wa pili ulikuwa kituko: mnene nyuma, mwembamba mbele, na ndoano ya kidole cha mwisho. Ubavuni alibandika vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na kwa kuwa gumba halikuweza kufungua kisu, alitoboa tundu kwenye bapa, akapitisha kikanda cha ngozi cha kuvutia. Aliufanyia kazi hadi mkono wake mwenyewe ukaingia ganzi.

Jumatatu jioni shemeji aliingia karakanani bila kubisha hodi.

"Alisimama pale asubuhi yote! Nabebesha, anatazama. Nabebesha, anatazama. Mwisho akasema, hebu nikione hicho kisu. Kukijaribu tu, kikamponyoka, nusura kimwangukie mguuni. Akasema, 'Kisu gani hiki, kibovu!' Nikamwambia, mkuu, hicho chataka mkono wangu."

"Naye?"

"Akanirudishia. Akasema niendelee na safu ya pili."

Mama Mipini alikuwa ameinamia kisigino cha kiatu, misumari midomoni. Aliitoa mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayejipa muda wa kutuliza sauti.

"Na kukunjika," akauliza, "kinakunjika?"

Shemeji alikitoa mfukoni, akakifungua kwa kile kikanda, akakifunga kwa kukisukuma pajani. Tak.

"Basi toka kwenye mwanga wangu," alisema Mama Mipini, "nina kiatu cha watu hapa."