Banda Namba Sita

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Lusungu Mhone imekuwa kuwapangia watu mahali pa kulala. Wageni wakishamaliza wiki nzima mbuga ya Luangwa wakifukuzana na simba, wamechoka vumbi na kuamshwa alfajiri, huandika kuuliza kama kuna nafasi ufukweni kwetu ziwani, upande huu wa Nkhata Bay. Lusungu hufungua daftari lake kubwa na kuwapanga: wenye watoto banda namba moja, mbali na miamba, wanaokoroma namba nne, nyuma ya jiko, wakasumbuane na kuku. Hana mchezo na daftari hilo. Hata mwenye hoteli haligusi bila kuomba.

Namba sita hampangii mtu. Mumewe, Wedson, ndiye aliyelijenga kwa mikono yake, na huu ni mwaka wa nne tangu upepo wa mwera uzamishe boti aliyokuwa akiiendesha, ikiwa na watu watano. Wanne waliopolewa wakiwa maiti. Wedson hakuonekana. Kwao, aliyepotelea majini huzikwa kwa mgomba: hukatwa shina la kimo chake, likavishwa shati lake, likaliliwa na kufukiwa. Bila shati hakuna maziko. Likishatolewa, mtu amekufa, hata kama hajafa. Lusungu alilikunja shati chini ya mto akalilalia, na ndugu wa mume wakasema walivyosema.

Oktoba mtoto wa Jailosi, mdogo wake Wedson, alishikwa na homa ya kuweweseka. Jailosi akaja akaketi kizingitini.

"Shemeji, kaka hajatulia. Anazungukazunguka kwangu. Jumamosi tunamlaza kwa mgomba."

"Mpeleke mtoto hospitali, Jailosi."

"Ametoka huko mara tatu. Wewe unalalia shati, sisi hatulali."

Juma hilohilo ujumbe uliingia kwenye simu ya hoteli. Mwalimu mstaafu aitwaye Anneke, aliyekuwa kambini Luangwa, alitaka siku tano za kupumzika ziwani. Aliomba banda namba sita, lile ambalo mlango wake sharti uuinue kwanza ndipo ufunguke.

Lusungu aliusoma mara nne. Hakuna mgeni aliyeugusa mlango ule kwa miaka minne. Akaandika: "Mama, nani kakwambia habari za mlango?"

"Mbeba mizigo mmoja hapa," alijibiwa. "Akicheka anafunika mdomo."

Wedson naye alikuwa akificha pengo hivyohivyo. Lusungu aliuliza jina la mtu huyo, akangoja. Siku hiyo hakujibiwa, wala kesho yake. Anneke na wenzake walikuwa wameingia porini kusikokuwa na mtandao. Alimwonyesha Jailosi simu.

"Wageni wangapi wamelala pale zamani? Watu husimuliana," alisema Jailosi. "Na pengo, shemeji, hata mimi ninalo."

Ijumaa mtoto alikakamaa mwili mzima. Mama yake alikuja akapiga magoti mbele ya Lusungu. Ungefanyaje wewe? Lusungu aliinua mto.

Walimlaza Wedson Jumamosi, jua likiwa utosini. Wakati huohuo wingu la visubi, wadudu wadogo wa ziwani, lilipanda kutoka ziwani kama moshi, likaja moja kwa moja pwani. Siku nyingine wanawake wangekimbilia vikapu wakawakamate wa kukaanga. Siku hiyo hakuna aliyenyanyuka. Jailosi aliteremka shimoni kuupokea mgomba.

Jumatatu Anneke alifika, mkononi ana jozi ya viatu vya mwanamume.

"Hajafika?" aliuliza. "Nilidhani katutangulia."

"Nani, mama?"

"Yule mbeba mizigo. Tulikuja naye garini. Alisema wenzake wanne walikufa maji, akaona aibu kurudi peke yake akiwa hai. Njia nzima alikuwa akisema wewe utampangia pa kulala." Mgeni alivitazama viatu. "Jumamosi tulisimama kula. Akainuka ghafla, akasema anaitwa. Sikusikia mtu. Akavua viatu, akavipanga vizuri, akaingia kwenye majani. Majani yenyewe mafupi, hayafiki magotini. Tulimtafuta mpaka jua likazama."

"Saa ngapi alipoitwa?"

"Saa sita mchana. Nilikuwa ndiyo kwanza natazama saa."

Lusungu alivichukua viatu. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kiraka cha mpira, ambacho Lusungu mwenyewe alimshonea mumewe.

Alimkuta Jailosi akishona wavu. Mtoto wake alikuwa akicheza mchangani, mzima kabisa.

"Nipe jembe," alisema Lusungu.

Jailosi aliviona viatu. Wavu ukamtoka mikononi. "Usifukue, shemeji."

"Nipe jembe."

"Nilipoupokea ule mgomba ulikuwa na joto. Tulipotupa udongo wa kwanza, ukavuta pumzi." Alizungumza polepole, akimtazama mwanawe. "Nikasema ni masikio yangu. Nikawaambia waongeze udongo."

Lusungu hakulia pale. Alirudi hotelini, akampangia Anneke namba mbili, akaenda kuuinua mlango wa namba sita. Alitandika kitanda, akaviweka viatu kizingitini, ncha zikitazama ndani. Kisha akafungua daftari akaandika: Namba sita, Wedson Mhone. Palipoulizwa siku ya kuondoka, hakuandika kitu.