Radi ya Katindiuka na Mashine ya Baba Mdogo

Jumamosi ya kwanza ya Julai 1995 nilikuwa nimesimama juu ya gunia la pumba, mtaani Katindiuka, Ifakara, nikiimba roki kando ya mashine ya kukoboa mpunga ya baba mdogo. Wenzangu wa enzi hizo mtanielewa: kaseti moja ya magitaa yenye kelele ilikuwa imetufikia, nasi tukaamini kwamba bonde zima la Kilombero lilikuwa likitungoja sisi.

Bendi yetu iliitwa Radi. Kaka yangu Deo alipiga gitaa lililofungwa nyaya za breki za baiskeli. Fausta, binti wa mama mkubwa, alipiga madebe. Mwenye sauti alikuwa Fausta, kwaya nzima ya kanisa ilijua hivyo. Lakini bendi ilikuwa wazo langu, na kipaza sauti nilikitwaa kama urithi.

Banda la mashine tulipewa kwa sharti moja. "Pigeni mashine ikikoboa," alisema baba mdogo. "Ikizimwa, nataka kupumzika." Basi msimu mzima tuliimba ndani ya ngurumo, vumbi la pumba likituwasha shingoni, wala hatukuwahi hata mara moja kujisikia.

Kwenye sherehe ya komunyo ya kwanza ya binamu yetu, kijijini Namawala, tulipewa nafasi baada ya pilau. Uwanja ukanyamaza. Nikafungua kinywa, na hapo ndipo nilipokutana na sauti yangu kwa mara ya kwanza.

"Mjukuu wangu," bibi mmoja aliniuliza kwa huruma ya kweli, "unaimba, au umekanyaga siafu?"

"Shikamoo, bibi," nikajibu, tena kwenye kipaza sauti.

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Kwa aibu nikageuka nyuma: "Ni Fausta! Madebe yake yananipoteza!"

Fausta aliweka vijiti chini, akaondoka bila kunitazama. Hakurudi tena bandani, na Radi bila yeye ikawa manyunyu.

Siku hizi wanangu wana simu zinazonyoosha sauti ya yeyote. Mimi huwacheka, kisha hukumbuka kwamba sisi tulikuwa na mashine ya kuificha. Ila yetu haikwenda nasi Namawala, nami nikalazimika kujisikia.

Wiki tatu baada ya sherehe ile, kutoka bweni la shule, nilituma barua:

"Dada Fausta, madebe hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza. Kipaza sauti ni chako. Nifundishe madebe, safari hii tusubiri mashine izimwe."