Neno Nililolimeza Mbele ya Mama Yake

Nilikuwa muuguzi kijana, sijaolewa, nimepanga chumba kimoja Kamembe, mji wa mpakani unaotazamana na Bukavu. Zilipita Jumapili nzima bila mtu kunibishia hodi. Sitaki kujitia ujasiri: upweke ulinitesa. Siku za kazi nilihudumia wodi ya wanaume waliofanyiwa upasuaji, na huko angalau nilisemeshwa.

Mmoja wao alikuwa mkulima wa Mururu aliyekatwa bawasiri. Mkewe, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa mbioni kuuza vitenge huku na huko mpakani, kwa hiyo aliyemuuguza ni mama mzazi wa mgonjwa mwenyewe. Kwetu mgonjwa hatoki hospitali kabla anayemuuguza hajasikiliza maelekezo, maana ndiye atakayepika na kuchemsha maji. Basi nikaeleza: akalie maji ya uvuguvugu, ale mboga na maharage, asibebe mizigo. Likabaki moja. Asikutane na mkewe mpaka kidonda kipone na maumivu yaishe, majuma machache tu. Kisha waanze polepole, na akiumia waache.

Mama mtu alikuwa ananitazama usoni. Mambo ya kitandani hayatajwi mbele ya mzazi wa mtu, sembuse na msichana. Mgonjwa aliinamisha kichwa, akingoja. Nilijua vizuri anangoja nini. Nikalimeza neno lile la mwisho, nikafunga daftari, nikawatakia safari njema.

Alirudi baada ya miezi mitano, peke yake. Daktari akamkagua, akasema amepona zamani. Mimi nikamsindikiza hadi mlangoni, na hapo ndipo alipopata ulimi.

"Mademoiselle, sasa ninaweza kulala na bibi yangu?"

"Ungeweza mwezi mmoja tu baada ya kutoka hapa, Papa."

"Kumbe! Mimi nilikuwa nalala kwa mama. Niliogopa kidonda, nilisema mutaniambia siku ya kuanza tena. Bibi alisema nimemuchoka. Alifunga vitenge yake, akarudia kwabo Bukavu. Sasa iko na bwana mwingine."

Nikapandwa na hasira, nadhani kwa sababu niliogopa kuwa kosa ni langu. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakumweleza mkewe.

"Nimueleze nini? Hata wewe muganga haukuweza."

Hakusema kwa ubaya. Alivaa kofia yake, akaniaga kwa heshima, akashika njia ya Mururu. Nilibaki pale mlangoni nikiona aibu, kwa kuwa nilimponya mtu yule, halafu nikamwacha awe mpweke kama mimi.