Ng'ombe wa Miaka Hamsini na Miwili

Magdalene, muuza viazi wa Mamboleo, hakuwa mtu wa kuogopa watu. Makanga wa matatu waliomzibia kibanda aliwatimua, na kanisani alianzisha pambio hata kabla mchungaji hajasema amina. Lakini mwaka mzima alikuwa akimkimbia mtu mmoja, mumewe Mathenge, tena chumbani mwao wenyewe.

Si kwamba hakumpenda. Jamani, alimpenda! Mpaka leo akimwona na ile kofia ya sufu katika joto lote la Kisumu, moyo humruka. Tatizo lilikuwa ukavu. Hedhi ilipoanza kuja ikipenda na kukosa ikipenda, huku chini nako kukakauka, na jambo alilolifurahia tangu ujana likawa la kuuma meno. Basi visingizio vikaanza. Leo mgongo, kesho mfungo, kesho kutwa mfungo mwingine. Mathenge akahamia sebuleni bila kuuliza neno. Jumatatu akatangaza kwamba Jumamosi anarudi kwao Nyeri kuchuma chai, na huko atakaa. Magdalene akalia mpaka wateja wakampa pole ya msiba.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nyuma ya nyumba walikuwa na ng'ombe mmoja, maana mtu wa Nyeri hata umhamishie mwezini atauliza zizi liko wapi, na dirishani palikuwa na kopo la mafuta ya kukamulia. Mafuta yale yalilainisha chuchu za ng'ombe. Visigino vya Magdalene viliyajua, viwiko pia. Yashindwe wapi? Jumatano akajipaka. Saa haikuisha alikuwa amekalia beseni la maji baridi, akiimba kwa nguvu ili Mathenge asisikie akiguna.

Alhamisi asubuhi, akitembea kama aliyeshuka baiskeli mbovu, aliingia katika kemisti ya Tejal, dada wa Kihindi mwenye sauti ya upole.

"Mama, nikusaidie na nini?"

Magdalene akageuka. Nyuma yake alisimama Aoko, muuza omena, ambaye siri ikimfikia asubuhi, saa sita imefika mtaa wa Kondele.

"Ni ng'ombe yangu," akanong'ona. "Iko na ukavu. Kule nyuma. Nikaipaka mafuta ya kukamulia, sasa inachomeka."

"Pole. Hiyo ng'ombe iko na miaka ngapi?"

"Hamsini na mbili."

Tejal akamkodolea macho. Kisha Aoko akapiga makofi na kuangua kicheko kilichotikisa vioo.

"Yawa! Kumbe sio mimi peke yangu! Tejal, hata ng'ombe yangu imekauka mwaka ya pili! Tupee dawa sisi wote!"

Tejal alijifuta machozi ya kucheka, akawapeleka pembeni. Akawaambia homoni hupungua umri huu, ngozi ya pale ikawa nyembamba na kavu. Si laana, wala si uchafu. Mafuta ya ng'ombe hapana, sabuni ya manukato hapana. Akawapa jeli ya unyevu ya kutumia kila baada ya siku mbili tatu, na kilainishi cha maji kwa wakati wa mzee.

"Lakini wewe Mama, ngoja kwanza hiyo kuchomeka iishe. Isipoisha, au ukiona damu, enda uone daktari. Kuna hata krimu ya homoni anaweza kukuandikia. Na uongee na Mzee."

Kuongea! Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nyumbani alimkuta Mathenge anafunga begi, akalikalia.

"Baba Ivy, mimi nimekauka. Huko chini. Inauma, ndio maana nakukimbia. Sio wewe. Sijawahi kukuchoka."

Mathenge aliliachia begi. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa mizizi ya mukombero, ile wanaume hutafuna wakitafuta nguvu.

"Miezi nane natafuna hii kitu," akasema. "Nilijua ni mimi nimeisha. Nilikuwa naenda Nyeri nikufe na aibu yangu."

Magdalene alicheka mpaka akateleza sakafuni, akamvuta na yeye, wakakaa hapo chini kama watoto.

"Sasa hii yote niipeleke wapi?" Mathenge akauliza, mizizi imemjaa mkononi.

"Tafuna polepole, Baba Ivy. Huendi mahali."