Somo la Mawimbi Katika Mto Mkavu

Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, na mojawapo ni kwamba siku ile mto wetu haukuwa na maji. Ungekuwa na maji, shemeji yangu angezama, na harusi ingekuwa matanga.

Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka thelathini na tatu na alikuwa hajaolewa. Alikuwa mpishi katika hoteli moja Pwani. Kwa miaka mingi nilifunga kila Ijumaa nikimwombea mume. Nilimwomba Mungu ampe mwanamume anayejua kusimama imara. Sikutaja asimame juu ya nini, na hilo lilikuwa kosa langu, maana Mungu husikia vizuri kuliko tunavyosema.

Alinipigia simu kupitia kwa jirani mwenye duka hapa Kivaa.

"Mama, nimepata mtu. Ni Mkamba. Babu yake alihamia huku zamani."

"Anafanya kazi gani?"

"Anafundisha watu kusimama juu ya maji."

Nimefundishwa dini tangu utotoni, na watu ninaowajua waliosimama juu ya maji ni wawili tu, na mmoja wao alianza kuzama.

Akanieleza polepole. Kuna ubao mrefu. Mtu anaulalia kifudifudi baharini, wimbi likifika anainuka haraka na kuteleza nalo mpaka ufuoni. Watalii na vijana wa Nairobi wanakuja wakiwa kikundi, wote hawajui kitu, na yeye anawafundisha. Nikamuuliza wakishafika ufuoni wanafanya nini. Akasema wanarudi tena baharini. Nikaona ni heri nisiulize zaidi.

Taabu haikuwa mimi wala mume wangu. Mume wangu ni mtu wa kusema "tuone," na amekuwa akiona tangu tuoane. Taabu ilikuwa kaka yake mkubwa. Katika ukoo wetu yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Asipokubali, mbuzi wa ntheo, wale ambao kijana huleta kufungua njia ya ndoa, hawaingii bomani. Shemeji huyu ni mchongaji wa vinyago kule Wamunyu, na anapima watu kama anavyopima magogo: anagonga, anasikiliza, anatupa.

"Hiyo si kazi," alisema. "Hiyo ni kuoga."

Binti yangu alipoambiwa hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Alisema, "Mama, baba mkubwa akikataa, nitaenda tu kuishi na mtu wangu. Lakini sitarudi hapo nyumbani kuangaliwa kama mwizi." Namjua mtoto wangu. Akisema hatarudi, harudi. Nilikuwa nimezaa watano, wawili wako mbele za Mungu, na huyu ndiye aliyekuwa akinipigia simu kila Jumapili. Nilipiga magoti usiku huo mpaka miguu ikafa ganzi.

Sasa, kwetu kuna desturi ambayo siku hizi wengi wameiacha. Kijana anayetaka mke huitwa aonyeshe kazi yake mbele ya wazee. Mume wangu alimjengea baba yangu zizi kwa siku mbili, na mbuzi walilala humo miaka kumi na tisa. Kwa hiyo shemeji akatoa agizo: kijana aje na kazi yake.

Kijana alikuja Jumamosi, na kazi yake aliibeba juu ya gari la ng'ombe kutoka barabara ya lami. Kilikuwa kitu kirefu kupita mtu, chembamba miguuni, kimefunikwa shuka nyeupe na kufungwa kamba. Binti yangu alikuwa akitembea nyuma ya gari, kichwa chini kwa uchovu wa safari. Mnaweza kukisia. Kabla gari halijafika langoni, jirani yangu wa ng'ambo ya shamba alikuwa ameshaingia uani analia, mkononi ana kilo mbili za sukari ya matanga.

"Pole, Mwaitu! Pole sana, mama! Ni nani?"

"Ni mkwe," nikasema, nikimaanisha anayekuja.

"Uuui! Hata kabla hajaoa!"

Ilibidi kijana mwenyewe ashuke na kumsalimia ndipo akanyamaza. Sukari hakuirudisha. Alisema sukari ikishaliliwa haibebwi tena kurudi, akavuta kigoda akae aone kitakachotokea.

Lazima niseme nilivyokaa mimi. Kwetu mama mkwe na mkwe wana nthoni, yaani heshima inayowaweka mbali. Hamtazamani uso kwa uso, hamshikani mikono, na mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Basi nilikaa nyuma ya ghala, nikasikia kila kitu na kuona kidogo kuliko nilivyotaka.

Shemeji aliufunua ubao, akaugonga kwa vifundo vya vidole. Akasikiliza. Akagonga tena.

"Hii ni mti gani?"

"Si mti, mzee. Ni povu."

"Povu ya sabuni?"

"Hapana. Povu ngumu, halafu inapakwa plastiki juu."

"Povu," alisema shemeji, akimgeukia mume wangu. "Umesikia? Mtoto wetu ataishi juu ya povu."

"Tuone," alisema mume wangu.

"Kijana, mimi nikichonga twiga, jioni kuna twiga. Hata kama mguu moja ni fupi, twiga iko. Wewe ukisimama kwa maji mchana mzima, jioni kuna nini?"

Kijana aliushika ubao wake kwa mkono mmoja.

"Jioni kuna watu, mzee. Asubuhi naingia baharini na watu kumi hawajui kitu. Jioni nahakikisha wametoka kumi."

"Na wakitoka tisa?" aliuliza jirani.

"Haijatokea, mama."

"Hata mchungaji wa mbuzi anahesabu," alisema shemeji.

"Ni kweli, mzee. Lakini mbuzi hazibishani na yeye."

Wifi yangu, dada ya shemeji na mume wangu, mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha kuku, alicheka mpaka akajishika mbavu. Shemeji hakucheka. Akasema, "Basi tufundishe."

"Hapa, mzee?"

"Kwani siku ya kwanza unafundishia watu wapi?"

"Kwa mchanga."

"Mchanga tuko nayo," alisema shemeji. "Ukambani kitu tuko nayo ni mchanga."

Tukateremka mtoni. Huo mto hupita maji wiki chache kwa mwaka. Siku nyingine zote ni barabara pana ya mchanga, na wanawake huchimba visima humo kwa mikono. Mimi nilijificha kwenye ukingo, nyuma ya kichaka cha miiba chenye matundu mazuri.

Ubao ulikuwa mmoja na wanafunzi wanne: shemeji, mume wangu, wifi na jirani wa sukari. Kijana alichukua fimbo akamchorea kila mmoja ubao wake kwenye mchanga wenye unyevu. Aliwaambia watalala juu ya michoro, na ubao wa kweli watautumia kwa zamu. Shemeji aliutazama mchoro wake kwa muda mrefu.

"Hii yako imepinda upande wa kulia," alisema, akainama akaunyoosha kwa kidole mpaka ukakaa sawa. Akachora na mapambo kidogo kwenye ncha. Ndipo akalala, na koti lake la suti.

"Nilale kifudifudi mbele ya kaka zangu?" aliuliza wifi.

"Wao pia wamelala, shangazi," alisema kijana. "Hakuna wa kukuangalia."

"Sasa tumbo naiweka wapi?"

"Ichimbie kashimo."

Akachimba. Kijana akawaambia wachote mchanga kwa mikono, kulia, kushoto, kama wanaogelea. Walichota. Mume wangu alichota kwa bidii mpaka akamjaza jirani mchanga masikioni. Kijana akapanda juu ya jiwe, akaanza kupaza sauti: "Wimbi linakuja! Linakuja! Liko karibu! Chota, chota! Simameni!"

Hapo ndipo walipotokea wanawake wawili wenye punda na mitungi, wakija kuteka maji. Wakaona wazee wanne wamelala kifudifudi kwenye mto mkavu, wanatupa mikono, na mgeni juu ya jiwe akitangaza kwamba linakuja. Misimu miwili mvua ilikuwa imetupita. Mmoja wao aliweka mtungi chini.

"Mnaombea mvua?"

"Ni dhehebu gani hii?" aliuliza mwenzake.

"Ni ya Pwani!" alijibu wifi, mdomo umejaa mchanga.

"Amina," alisema yule wa kwanza, akalala kando yao akaanza kutupa mikono. Kijana, Mungu ambariki, hakumfukuza. Alishuka akamchorea ubao wake.

Kusimama, hakuna aliyesimama kwa wakati. Wifi alisema yeye na wimbi waachane kwa amani. Mume wangu alisimama, ila kwa hesabu ya kijana wimbi lake lilikuwa limeshafika Mto Tana. Shemeji alifika magotini na hapo akabaki, mikono kiunoni, jasho linamtoka.

"Wimbi limeshapita, mzee."

"Iache ipite. Itakuja ingine."

Kila mara mmoja wao alipoanguka, kijana alimwonyesha tena, kwa sauti ileile, kama ndiyo mara ya kwanza. Nilimhesabia. Jirani peke yake alionyeshwa mara kumi na moja.

Ubao wa kweli ulikuwa umelala bila mtu. Sijui niseme ni nini kilichonishika. Nilifikiri: mtoto wangu ataishi karibu na maji hayo, na mimi hata sijui mumewe anaamka kufanya nini. Nikatoka kichakani, leso imenifunika kichwa.

Wifi aliniona. "Asi! Huyu naye anaenda wapi?"

"Naenda kujifunza," nikasema.

Kijana alisikia sauti yangu, na mara hiyohiyo akageuka, akatazama ukingo wa ng'ambo. Akatembea hatua kumi na kusimama, mgongo kwangu. Kisha akasema, kama anauambia mto: "Aliye nyuma yangu alale katikati ya ubao. Vidole vya miguu viguse mwisho. Mikono iwe chini ya kifua. Nikisema, ausukume ubao, alete mguu mmoja mbele, ainuke bila kutazama chini."

Nililala. Ubao ulikuwa laini, wenye joto la jua. Nilinong'ona sala fupi.

"Sasa!"

Nikasimama.

Hata mimi nilishangaa. Lakini ndugu zangu, nimeteka maji katika mto huo miaka arobaini. Mtungi uko mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na unatoka magotini mpaka wima kwa pigo moja, mguu huu mbele, macho mbele, kwa sababu ukisitasita mtungi unakurudisha chini. Wazee wa kiume hawajawahi kuinuka hivyo. Wao wameinuka kutoka vigodani.

Wale wanawake wa punda walipiga makofi. Nilisimama pale juu ya povu, mikono nimeinyoosha, na kwa dakika hiyo moja sikuwa na umri.

"Amesimama?" aliuliza kijana, akiwa bado anaitazama ng'ambo.

"Geuka uone mwenyewe," alisema shemeji.

Makofi yakakatika. Shemeji alikuwa bado amepiga magoti kwenye mchoro wake, lakini sauti ilikuwa ile ya kugonga gogo.

"Nitaambiwa, mzee."

"Mwalimu gani haoni mwanafunzi yake? Hujaleta mbuzi. Hakuna kitu tumekula yako. Huyu bado si mama mkwe wako, ni mama tu amesimama kwa mbao. Geuka."

Nilimwona binti yangu juu ya ukingo. Mikono ameifumbata kifuani. Akigeuka, nilijua, shemeji atasema: mnaona, ni mtu wa Pwani tu, hana mila. Asipogeuka, amekaidi agizo la mzee. Sikuweza hata kushuka ubaoni. Nilibaki nimesimama kama kinyago, nikisema moyoni, Bwana, mpe neno.

Kijana akasema, mgongo wake ukiwa vilevile, "Mzee, nikigeuka leo, kesho nitayarudisha macho yangu wapi? Niadhibu kwa lingine."

Upepo ulipita. Punda mmoja alipiga kelele, na hakuna aliyecheka.

Shemeji alijaribu kuinuka. Goti moja likakataa. Mume wangu akamsogelea, shemeji akamkataza kwa mkono.

"Wewe kijana. Pita upande wa huko, zunguka, usimwangalie. Njoo unishike mkono, nimekwama."

Katika miaka yote niliyoolewa katika ukoo ule sijawahi kumsikia akiomba mkono wa mtu. Kijana alizunguka mbali, karibu apande ukingo, macho chini, akaja akamwinua taratibu. Shemeji alijipangusa koti.

"Mbuzi," alisema. "Unajua ni tatu?"

"Najua, mzee."

"Usilete za Pwani, hazijui baridi ya huku. Nunua hapa. Na wewe," akaniambia bila kunitazama vizuri, "shuka kwa hiyo kitu, umeshafika ufuoni."

Kigelegele cha kwanza kilitoka juu ya ukingo, kwa binti yangu mwenyewe. Hilo halifanywi. Bibi harusi hapigii mambo yake vigelegele. Nilimkemea hapohapo mbele ya watu wote, nikamwambia ana aibu gani mtoto huyu. Kisha nikajaza mapafu nikapiga changu, kirefu, hata kabla sijashuka.