Aya Iliyofuata

Harufu ya nyasi mbichi bado hunirudisha kwenye kanisa letu la Ihembe, miaka ya hamsini. Kila Jumamosi sisi wasichana wa darasa la kipaimara tulikata nyasi bondeni tukazitandaza sakafuni, na Jumapili watu wakaketi juu yake. Harufu yake ilichanganyika na moshi wa jikoni uliokuwa kwenye nguo zetu na, nisiseme uongo, rubisi iliyolala midomoni mwa baadhi ya wazee. Pombe ile ya ndizi kanisa lilikuwa limeikataza, na karibu kila nyumba iliikamua.

Kosa langu lilikuwa Yona. Mwinjilisti alitufundisha kwamba samaki alimmeza Yona akiwa njiani kwenda Ninawi. Nikanyoosha mkono nikasema hapana, alikuwa anakimbia asiende Ninawi. Wavulana wakacheka. Jioni ile baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu na mzee wa kanisa, alikuja kumwambia mama kuwa nina kiburi cha akili, na sitapata kipaimara mpaka nitubu mbele ya watu. Bila kipaimara, msichana hakupendekezwa kwenda shule ya misheni. Shule ile niliitaka kuliko chakula.

Jumapili nikasimamishwa mbele, nikapewa Biblia nisome aya moja ya Isaya, ile inayowaonya wanaojiona wenye hekima, kisha niungame. Nikaisoma kwa sauti. Ni aya ya kweli na sijawahi kuikana. Lakini macho yangu yalikwisha kuteremka, na sikuona sababu ya kuyazuia. Nikasoma inayofuata, ambayo inawatangazia ole walio hodari wa kunywa na kuchanganya vileo.

Baba mkubwa akasimama.

"Nani amekutuma kusoma hiyo?"

Nikapiga magoti, kama binti anavyopaswa. "Iko chini ya ile mliyonipa, baba."

"Tubu!"

"Nitatubu siku nitakapoonyeshwa kwamba nilikosea juu ya Yona."

Akamgeukia mama, akamtaka amrudi mwanawe. Mama hakujua kusoma. Aliinuka kwenye nyasi, akaniuliza kwa Kinyambo, wote wakisikia: "Mwanangu, umesoma au umeongeza?"

"Nimesoma, mama."

"Basi njoo ukae."

Kipaimara nilikipata baadaye sana, wazee wengine walipoingia. Shule sikuiona. Iliniuma, na inaniuma hata leo nikiwa na mvi kichwa kizima. Lakini sikutubu.

Siku hizi kanisa lile lina sakafu ya saruji, na wasichana wanasoma mpaka vyuo vikuu. Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka chuoni machozi ya hasira yakimlengalenga. Alimuuliza swali kiongozi wao wa maombi, naye akamjibu kwa kumtumia aya ya Isaya kwenye simu. Akanionyesha. Ilikuwa ile ile, tena peke yake. Nikamwambia afungue Biblia yake, humo humo kwenye simu, ateremshe kidole mpaka aya inayofuata.