Shada Lililoliwa na Panya

Vanaja hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Akikaanga pilipili, mtaa mzima unapiga chafya. Basi asubuhi ya sikukuu ya zana, siku ambayo mji mzima wa Mangaluru hupumzisha vyombo vya kazi na kuvivisha maua, fundi huyu wa maabara ya dawa aliivisha mizani, akaivisha mashine ya kupasua mafuta kuwa vitone, na mashada yalipobaki akavisha hata vizimba viwili vya panya. Kisha huyoo, akaenda kula ladu na wenzake.

Kumbe panya wale walikuwa kazini. Alfajiri Daktari Nagaveni alikuwa amewapa dawa ya kutuliza akili. Wa kizimba cha kwanza walimeza ya kawaida. Wa pili walidondoshewa puani dawa ileile, kidogo tu, imefungwa ndani ya vitone vya mafuta visivyoonekana kwa macho, ili ifike kwenye ubongo bila kuulemea mwili mzima.

Vanaja alikuwa na lake moyoni. Mdogo wake Sanjeeva zamani alipakwa rangi kila sikukuu, akacheza ngoma ya simbamarara mpaka watoto wakakimbilia kwa mama zao. Kisha akaanza kusikia sauti zisizo na mwenyewe. Dawa ilizinyamazisha, lakini ikamlaza na yeye. Siku hizi ngoma hupita mlangoni naye anakoroma.

"Vanaja! Hebu njoo hapa!"

Daktari alisimama mbele ya vizimba, mikono kiunoni. Shada la kwanza lilikuwa zima, panya wake wamelala fofofo. La pili lilibaki uzi mtupu.

"Mama yangu! Nimeharibu jaribio!"

"Tena vibaya. Nani kakwambia panya ni zana?"

"Si wanafanya kazi, Daktari? Kutushinda sisi!"

Daktari alijikaza asicheke, akashindwa. "Itabidi turudie. Lakini watazame: wametulia, hawagombani, na wako macho!"

"Kwa hiyo watu nao..."

"Watu bado sana, mwenzangu. Usimwahidi mtu."

Vanaja hakumwahidi mtu. Alimpelekea tu Sanjeeva ule uzi na kumsimulia.

"Maua ya ibada wameyala?"

"Yote!"

"Na hawakusinzia?"

"Hata kidogo!"

Sanjeeva alicheka mpaka akakohoa. Vanaja hakukumbuka lini alikisikia kicheko kile mara ya mwisho, na furaha ikamtoa machozi. Ngoma zilikuwa zinakaribia. Sanjeeva akaufunga uzi mkononi.

"Dada, nitolee kiti nje," akasema. "Nikisinzia, nifinye."